"Mbona hakusema siku ile ile?"

Swali hili huulizwa barazani, kituo cha polisi, wakati mwingine hata na mama mzazi. Linasikika kama la busara, kumbe limefunga vinywa vya watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu. Kwa wavulana, walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo mtoto kuchelewa kusema si dalili kwamba anadanganya. Wenzake wengi hawakusema kabisa.

Tena mtoto hutoa kipande cha habari kwanza. "Mama, leo sitaki kwenda kwa anko kuchukua maziwa." Mama anamenya viazi, anamkaripia kwa uvivu, mtoto anachukua chupa na kutoka. Kipande cha pili kinaweza kukaa miaka.

"Mtoto amekana alichosema, basi alidanganya." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2007 watafiti Malloy, Lyon na Quas walichapisha uchambuzi wa kesi 257 za Marekani ambazo ukatili ulithibitishwa. Asilimia 23 ya watoto walikana walichokwisha kusema. Waliokana zaidi ni wadogo, waliodhulumiwa na mzazi au mlezi, na wale ambao mzazi mwingine hakusimama upande wao. Huku kwetu tunayajua haya: kikao cha ukoo, "tuyamalize nyumbani", na usiku mtoto analala chini ya paa lile lile. Atasema nini kesho yake?

"Daktari hakuona kitu." Watoto wengi waliodhulumiwa hupimwa wasikutwe na jeraha lolote.

"Mbane mpaka aseme yote." Ukimuuliza, "Ni anko, sivyo?" anaweza kuitikia ili tu umwachie, na maelezo yake yakaharibika. Weka kisu cha viazi chini, kaa naye, uliza, "Ikawaje?" kisha nyamaza. Mwambie hana kosa. Usimwahidi kuwa itabaki siri, maana itabidi useme: piga 116, namba ya bure Tanzania na Kenya, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.