Alama Zilizobaki Ndani ya Diwani za Zamani za Marekani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la bei. Mtu amefiwa na bibi yake, nyumba inafungwa, na katika kabati la sebuleni kimetoka kitabu cha mashairi cha Longfellow, jalada lake la ngozi laini kama mto, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu. Ananiletea kikiwa kimeviringwa kwenye taulo. Ninajalidi na kutengeneza vitabu vya kale hapa Ohio, na jibu langu huwavunja moyo wengi: sokoni kitabu hicho huenda kisifike dola 20. Halafu namwomba mwenyewe asiondoke, kwa maana kuna mengi ya kumwonyesha.

Bei ni ndogo kwa sababu vitabu hivi ni vingi, na ni vingi kwa sababu vilipendwa. Henry Wadsworth Longfellow (1807–1882) alisomwa na watu wa kila tabaka, kuanzia maprofesa hadi wakulima. Mwaka 1879, siku alipotimiza miaka 72, watoto wa Cambridge, Massachusetts, walimpa kiti kilichochongwa kwa mbao za mti ule ule alioutaja katika shairi lake la mhunzi wa kijijini. Mti wenyewe ulikuwa umekatwa. Watoto walichanga senti zao kwa ajili ya mshairi! Kila ninaposimulia habari hii, nasikia fahari kana kwamba mshairi huyo ni wa kwetu.

Sheria ya haki ya kunakili ya wakati ule ilimlinda mwandishi kwa miaka 28, na ikaruhusu kuongezwa 14. Muda huo ulipokwisha, mchapishaji yeyote aliweza kuyatoa mashairi yake ya mwanzo. Nyumba za uchapishaji kama Hurst ya New York na Altemus ya Philadelphia zilitoa matoleo ya bei nafuu yenye majalada ya kuvutia, mengi bila mwaka wa kuchapwa. Kwa hiyo, ukiona mwaka nyuma ya ukurasa wa jina, usikimbilie kusema hilo ndilo toleo la kwanza. Mara nyingi huo ni mwaka ambao haki ya kunakili ilisajiliwa, na kitabu ulichoshika kimechapwa miaka 30 baadaye.

Vitabu vya mashairi vinavyouzwa kwa bei kubwa sana vina historia nyingine. Mshairi Walt Whitman alichapisha diwani yake ya kwanza Brooklyn, New York, mwaka 1855, nakala zisizofika 800, na nyingine hazikupata mnunuzi. Kijitabu cha kwanza cha mshairi Edgar Allan Poe, kilichotoka Boston mwaka 1827 bila jina lake, kimebaki nakala kama 12 tu duniani. Navistahi vitabu hivyo. Lakini ni adimu kwa sababu wakati vinatoka ni nyumba chache mno zilizovinunua. Anayetaka kujua Mmarekani wa kawaida aliishi vipi na mashairi, akiangalie kile kitabu cha bibi cha dola 20.

Mimi nilikulia Tanga, na shairi nililijua kwa sauti kabla sijaliona kwa wino. Nadhani ndiyo maana, nilipoanza kazi hii, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye alama za sauti. Zipo. Katika karne ya 19 mwanafunzi wa Marekani alikariri mashairi na kuyaghani mbele ya darasa. Vitabu vya kusomea vya McGuffey, vilivyoanza kutoka mwaka 1836, vilijaa mashairi ya kughaniwa. Mazoezi yalifanyika nyumbani, kwenye nakala ya familia. Utakuta mstari mdogo wa penseli mahali pa kuvuta pumzi, neno gumu limepigiwa mstari chini, na vijialama pembeni mwa kila ubeti uliokwisha kukaririwa. Angalia pia kona ya chini ya kurasa: palipoingia weusi ndipo kidole gumba kilipokuwa kikifungulia.

Kuna jaribio dogo ambalo napenda kulifanya na mwenye kitabu. Nakisimamisha kwa mgongo wake juu ya kitambaa laini, halafu nakiachia taratibu kiji­fungue chenyewe. Gundi na uzi hulegea pale palipofunguliwa sana. Mara nyingi kitafunguka kwenye shairi lile lile lenye alama za penseli, au kwenye shairi la msiba.

Msiba una nafasi kubwa humu. Watoto wengi walikufa wadogo wakati ule, na familia zilitafuta faraja katika Biblia na katika beti. Nimekuta maua makavu, shada la nywele lililofungwa kwa uzi, na mara nyingi sana tangazo la kifo lililokatwa gazetini. Karatasi ya gazeti ina asidi, nayo huacha kivuli cha kahawia kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Hata kama tangazo limepotea, kivuli kinabaki na umbo lake. Ukikiona, jiulize ni shairi gani lililo chini yake kabla hujalalamika kwamba ukurasa umechafuka.

Vingine vilikuwa zawadi. Mwaka 1856 Ticknor and Fields wa Boston walianza, kwa mashairi ya Mwingereza Tennyson, mfululizo wa vitabu vidogo vya kitambaa cha buluu na dhahabu, vya kutosha mfukoni, na Longfellow naye akavikwa vazi hilo. Kijana alimpa mchumba, mwalimu alimpa mwanafunzi bora, shangazi alimpa mpwa wake siku ya Krismasi. Ukurasa mtupu wa mbele una jina, tarehe na maneno mawili matatu ya mapenzi. Wauzaji wengine huufuta au huukata ukurasa huo ili kitabu kionekane kipya. Naomba sana msifanye hivyo.

Kuhusu kuvitunza, nitasema machache. Karatasi za kabla ya miaka ya 1860 zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na nyingi bado ni imara. Baadaye ikaja karatasi ya mbao, iliyotiwa shabu, nayo huvunjika kama jani kavu. Usitumie selotepu hata siku moja. Mimi hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo maji huitoa. Ngozi ikianza kutoa unga mwekundu, ifunike kwa karatasi safi na usiipake mafuta.

Na rangi ya kijani. Kati ya miaka ya 1840 na 1860 vitambaa vingine vya majalada vilitiwa rangi ya kijani kikali yenye arseniki, ambayo ni sumu. Jumba la makumbusho la Winterthur, huko Delaware, limekuwa likivichunguza vitabu hivyo tangu mwaka 2019. Vitabu vya zawadi vilipambwa kuliko vingine, kwa hiyo diwani zimo. Ukikuta kijani cha namna hiyo, vaa glavu, kitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na usimwachie mtoto.

Wiki hii mezani kwangu kuna kitabu cha mshairi Paul Laurence Dunbar. Alizaliwa Dayton, hapa hapa Ohio, mwaka 1872, wazazi wake wakiwa wamepitia utumwa Kentucky. Alimaliza sekondari, lakini kwa kuwa alikuwa Mweusi, kazi aliyoipata ni kuendesha lifti. Diwani yake ya kwanza, iliyochapwa mwishoni mwa 1892, aliiuza kwa dola moja moja, hata kwa watu waliopanda lifti yake. Mwaka 1896 nyumba ya uchapishaji ya Dodd, Mead ya New York iliyatoa mashairi yake kwa nchi nzima, na kuanzia 1899 wakaanza kutoa matoleo yenye picha zilizopigwa na chama cha wapiga picha cha chuo cha Hampton Institute, Virginia. Alifariki mwaka 1906 akiwa na miaka 33. Shule nyingi zina jina lake, na nyumba aliyomnunulia mama yake Dayton sasa ni makumbusho.

Nakala hii ni ya familia ya Wamarekani Weusi ambayo imeisoma kwa sauti kila Krismasi kwa vizazi vinne. Mgongo umekatika katikati, fungu moja la kurasa limechomoka, na kwenye shairi moja kuna majina manne ya watoto, kila moja kwa mwandiko wake, mbele ya ubeti aliopangiwa kuughani. Wameniuliza kama naweza kukirudisha kiwe kama kipya.

Nimelishona upya lile fungu kupitia matundu yake ya zamani, na mgongo nimeutia kitambaa cha rangi iliyokaribia ile ya mwanzo. Penseli sijaigusa. Chini ya majina manne nimeona bado pana nafasi, na kitukuu mdogo anaanza darasa la kwanza mwezi wa nane.