Hapana, hakuna mtu aliyerekodiwa: dhana potofu kuhusu kompyuta za kwanza kusema

Nafundisha watu wasioona kutumia kompyuta, na pembeni nawatengenezea wateja sauti za simu, zile za "kwa Kiswahili, bonyeza moja". Kazi zote mbili hunirudishia swali lilelile. Mwanafunzi huuliza, "Mwalimu, huyu jamaa anayesoma humu ndani ni wa wapi?" Mteja naye hushauri, kwa nia njema kabisa: "Si tutafute mtangazaji mwenye sauti nzuri, arekodi maneno yote ya kamusi, kompyuta iwe inayachomoa?" Nikiwasikilizisha kompyuta ya Atari au Commodore ya miaka ya 1980 ikizungumza, wote wawili husema hapo pia kuna mtu alirekodiwa, ila sauti inakwaruza kwa sababu mashine ni kuukuu.

Nimechoka. Hii moja nitaieleza kwa urefu, nyingine nitazipitia mbio.

"Ile sauti ilirekodiwa, kompyuta inaicheza tu"

Tuanze na hesabu. Sauti ya ubora wa simu huhitaji sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 8,000 kwa sekunde. Kila sampuli ikichukua baiti moja, sekunde moja imekula kilobaiti 8. Commodore 64 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Ijaze yote sauti, usiibakizie programu hata kona, utapata sekunde nane. Diski yake laini ilibeba kilobaiti 170 hivi, yaani kama sekunde 21. Watu wawili wa Tanga waliopotezana mwezi mmoja hawamalizi salamu kwa sekunde 21. Lakini mashine hiyohiyo iliweza kusoma sentensi yoyote uliyoichapa, hata jina la bibi yako. Nani huko Marekani alirekodi jina la bibi yako?

Programu iliyofanya kazi hiyo iliitwa S.A.M., yaani Software Automatic Mouth. Aliiandika Mark Barton, na kampuni ya Don't Ask Software ikaitoa mwaka 1982 kwa Apple II, Atari na Commodore 64. Ndani yake hakuna neno hata moja lililohifadhiwa. Kilichomo ni majedwali ya namba: kwa kila fonimu (sauti moja ya lugha, kama i au s), masafa ya fomanti tatu (milio ambayo kinywa huikuza zaidi), nguvu ya kila fomanti, na muda ambao fonimu inadumu. Sema "iii", kisha "uuu", bila kubadilisha mlio wa koo. Kilichobadilika ni umbo la kinywa, na umbo hilo ndilo linalohamisha fomanti: ya pili ya i inapanda kupita hezi 2,000, ya u inashuka chini ya 1,000. SAM hutengeneza wimbi kwa kila fomanti, huyajumlisha, hulainisha mpito kutoka fonimu moja hadi nyingine, na namba zinazotoka hapo ndizo zinazotikisa spika. Mawimbi mawili ya kwanza ni ya mviringo, la tatu ni la mraba tupu. Prosesa ya megahezi moja au mbili haina muda wa kuremba.

Anayeng'ang'ania rekodi huwa nampa jaribio. SAM ina vipimo vinne vya kuchezea: kasi, kimo cha sauti, koo na mdomo. Kawaida yake ni 72, 64, 128 na 128. Weka 82, 32, 145 na 145, na aliyekuwa mwanamume mwenye mafua anageuka kuwa bibi kizee. (Ndiyo, kimo cha 32 ni chembamba kuliko cha 64, namba hiyo hupima urefu wa wimbi, na wimbi fupi ndilo lenye mlio wa juu.) Rekodi ukiiharakisha inakuwa kelele za panya, lakini haiwezi kubadilishiwa koo. Ukiona programu inakuuliza ukubwa wa koo, jua koo lenyewe ni la hesabu.

Kuna nukta moja nawapa, maana nayo ni kweli. Sauti kama s, sh na f hazina mlio wa koo, ni upepo tu, na kuukokotoa upepo huo kungeigharimu mashine kuliko kuuhifadhi. Kwa hiyo SAM inabeba vipande vya mikwaruzo, biti moja kwa sampuli, jumla yake baiti 1,280. Hiyo ndiyo rekodi yote iliyomo. Wala si ya maneno.

Kosa hili lina chanzo, maana mashine zilizorekodiwa kweli zilikuwepo wakati huohuo. Speak & Spell ya Texas Instruments, kifaa cha watoto cha kujifunzia tahajia cha mwaka 1978, ilianza na msomaji halisi aliyeingia studio, kisha wahandisi wakaibana sauti yake kuwa namba za kuendesha kielelezo cha koo ndani ya chipu. Kompyuta ya BBC Micro ya Uingereza iliuziwa chipu ya nyongeza yenye msamiati wa Kenneth Kendall, msomaji habari wa BBC. Na mwaka 1984, mchezo wa Impossible Mission kwenye Commodore 64 ulimkaribisha mchezaji kwa sauti ya mtu halisi iliyobanwa mno. Zote hizo zilisema vizuri kuliko SAM. Lakini zilisema yale tu zilizopewa. Ukiitaka Speak & Spell iseme "Mwanaidi", utangoja sana.

Dhana hii ina mtoto wake, naye ni mkaidi kuliko mzazi: kwamba Stephen Hawking, mwanafizikia aliyezungumza kwa kompyuta, alirekodiwa kabla ya kupoteza sauti. Hakurekodiwa. Alipasuliwa koo mwaka 1985, na sauti aliyopewa baada ya hapo ilitoka kwenye kifaa cha kampuni ya Speech Plus, kilichojengwa juu ya utafiti wa Dennis Klatt wa chuo cha MIT huko Marekani, ambaye alipima sauti yake mwenyewe ili kupata namba za kuanzia. Ndiyo maana mwanafizikia wa Kiingereza alizungumza kwa lafudhi ya Kimarekani. Baadaye zilikuja sauti laini zaidi, yeye akabaki na ileile kwa hiari yake.

Sasa nirudi kwa mteja wangu wa kamusi. Ndugu yangu, chukua kitenzi kimoja tu, "piga". Nafsi 6, nyakati 4, na watendwa 6: tayari una maumbo 144, hata kama machache hayatumiki. Bado hujakanusha. Bado hujaingia pigia, pigwa, pigana, pigisha, pigiana. Bado hujagusa ngeli: kinanipiga, limekupiga, ulitupiga. Mtangazaji wako atazeeka studio. Kwa ujumbe wa sentensi kumi zisizobadilika, rekodi mtu, na umlipe vizuri. Kwa chochote kinachobadilika, sauti lazima itungwe.

"Bila chipu maalumu kompyuta ya zamani haikuweza kusema"

Chipu za kusema zilikuwepo, kama Votrax SC-01 na SP0256 ya General Instrument, na zilisaidia. Lakini SAM kwenye Atari na Commodore ilitumia vifaa vilivyokuwemo tayari kwa ajili ya muziki wa michezo. Kwenye Apple II iliuzwa pamoja na kadi, na kadi ile haikujua kusema. Ilichojua ni kugeuza namba kuwa umeme. Gharama ilikuwa kwingine: Atari ilizima skrini wakati wa kuzungumza, kwa sababu chipu ya picha ilikuwa inamwibia prosesa muda, na sauti ikivurugwa muda inakuwa matope.

"Macintosh ndiyo ya kwanza"

Tarehe 24 Januari 1984 Steve Jobs wa Apple aliitoa Macintosh kwenye begi mbele ya umati, ikajitambulisha yenyewe kwa sauti. Onyesho lilifana, lakini la kwanza si hilo. Sauti ile ilikuwa kazi ya Mark Barton huyohuyo wa SAM, na mashine iliyosimama jukwaani ilikuwa ya majaribio, ina kilobaiti 512. Zilizouzwa dukani zilikuwa na 128. Maabara ya Bell walikwisha kuiimbisha kompyuta ya IBM tangu mwaka 1961, ingawa ile hukuweza kuitia kwenye begi.

"Dr. Sbaitso alikuwa anaelewa"

Hakuwa anaelewa. Alikuwa programu ya kuzungumza nawe kama daktari, alikuja na kadi za sauti za Sound Blaster mwanzoni mwa miaka ya 1990, akatafuta maneno fulani katika uliyoyaandika, akakurudishia swali lililotungwa zamani. Kusoma ni kazi moja, kuelewa ni nyingine. Wanaoniuliza kama kisoma skrini "kimekubali" walichoandika, nao wasikie.

"Sauti za kiroboti zimepitwa na wakati, tuwape wasioona sauti nzuri"

Hii huletwa na wafadhili, na kero yake ni pungufu kidogo tu ya ile ya kwanza. Wanakuja na sauti ya kisasa, tamu, inapumua kabla ya sentensi. Mwanafunzi wangu anaisikiliza kwa adabu, anashukuru, kisha wakiondoka anaomba arudishiwe eSpeak, programu ya sauti ya kiroboti inayotungwa kwa fomanti.

Sababu anaijua yeye anayeitumia kutwa nzima. Msomaji mzoefu hasikilizi kwa mwendo wa taarifa ya habari. Wengi husikiliza zaidi ya maneno 300 kwa dakika. Kwa kasi hiyo sauti ya kisasa humeza silabi, kwa sababu imejifunza kuiga usemaji wa kawaida wa watu. Sauti ya fomanti hutamka kila kitu kwa namna ileile kila mara, na sikio likishaizoea linaikimbiza bila kuanguka. Pia inajibu papo hapo ukibonyeza kitufe. Sauti inayochelewa nusu sekunde kwa kila herufi ni adhabu.

Na eSpeak si mgeni katika habari hii. Jonathan Duddington aliianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn huko Uingereza, na hadi leo irabu zake zinatungwa kwa fomanti, huku konsonanti za upepo zikitoka kwenye vipande vidogo vya sauti. Mpango uleule wa SAM. Inatosha kwenye megabaiti chache, inakuja pamoja na NVDA, kisoma skrini cha bure, na inasoma Kiswahili. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu finyu, isiyo na intaneti, hiyo ndiyo inayofanya kazi.

"Kiswahili ni kigumu kwa mashine"

Kigumu ni Kiingereza. Watafiti wa jeshi la majini la Marekani walipotunga kanuni za kugeuza herufi za Kiingereza kuwa fonimu, ripoti yao ya mwaka 1976 ilifikisha kanuni 329, na bado takriban neno moja kati ya kumi lilitoka vibaya. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Ukishashughulikia ch, sh, ny, ng', th, dh, gh na kh, ukaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na ukaandika orodha fupi ya wakaidi kama "lazima", sehemu kubwa umeimaliza.

Kinachotushinda ni tarakimu. Andika "watu 5 na vitabu 5", na programu nyingi zitasoma "watu tano na vitabu tano", kwa sababu kusoma sawasawa kunahitaji kujua ngeli ya neno lililotangulia. Kwa hiyo nawasihi wateja wangu: kwenye ujumbe wa sauti, andikeni namba kwa maneno. Wananiitikia ndiyo, halafu wananiletea "wateja 2 wanasubiri".

SAM yenyewe unaweza kuiongelesha Kiswahili ukiipita ile sehemu yake ya kusoma Kiingereza, iitwayo Reciter, na kuiandikia fonimu moja kwa moja. Kuna matoleo ya kuigiza yanayofanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo huhitaji Atari. Irabu zetu tano ni AA, EH, IY, OH na UW, na mkazo huwekwa kwa tarakimu 1 hadi 8 baada ya irabu. Ng' ina msimbo wake, NX, hivyo ng'ombe anaandikwa NXOH5MBEH na anatoka vizuri kuliko anavyotamkwa na wageni wengi. R itakuwa ya Kimarekani, hilo halina dawa. Gh haimo kabisa. Weka G tu, na "ghali" itasikika "gali", kama wanavyoitamka nusu ya wanafunzi wangu.