Mapengo ya kipindi, na kwa nini darasa hukutoroka hapo

Swali ninaloulizwa zaidi na walimu ninaowafunza hapa Mombasa, wawe wa Kisauni, Changamwe au Likoni, ni hili: "Watoto wakianza kelele nifanye nini?" Huwa nawarudishia swali jingine, na wengi hawalipendi. Kelele ilipoanza, wewe ulikuwa unafanya nini? Mara nyingi mwalimu alikuwa amewapa watoto mgongo akijaza ubao mzima, au anatafuta chaki, au anahesabu vitabu vya kugawa, au yuko mlangoni akinong'ona na mwenzake kuhusu zamu. Yaani somo lilikuwa limesimama. Watoto walijaza nafasi waliyoachiwa.

Wazo hili lina mwenyewe. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, siku moja alimkemea mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akisoma gazeti katikati ya mhadhara. Aliyekemewa ni mmoja, lakini darasa zima likanyooka. Kounin akavutiwa: je, namna mwalimu anavyokemea ndiyo inayoleta utulivu? Akalifuata swali hilo kwa miaka, baadaye akirekodi vipindi kwa video, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 jibu likawa hapana. Walimu wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu hawakutofautiana kwa namna ya kukemea. Walitofautiana kwa waliyoyafanya kabla mtoto hajakosea: kuonyesha kwamba wanaona kila kona, kushughulikia mambo mawili kwa pamoja, na kulivusha darasa kutoka kazi hii hadi ile bila kukatika.

Miaka mingi imepita tangu hapo, na bado semina zetu nyingi za nidhamu huanza na adhabu.

Hebu tupige hesabu. Kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Kama dakika 4 zinakwenda watoto wakiingia na kutulia, 4 wakigawiwa vitabu na 3 ukisubiriwa ufute ubao na kuandika mazoezi, umetupa dakika 11, karibu theluthi ya kipindi. Na katika dakika hizo hakuna mtoto mwenye kazi. Ukiwa na watoto 60 wamebanana watatu watatu kwenye dawati, unategemea nini?

Kuvuka mapengo haya kunafundishwa, na wakati wake ni wiki mbili za kwanza za Januari. Walimu wengi huona ni kupoteza muda, kwa sababu maazimio ya kazi yanawasubiri. Lakini utaratibu usiofundishwa utakugharimu kila siku hadi Oktoba. Eleza, onyesha, waache wajaribu, warudie. Vitabu vinagawiwa vipi? Anayekaa mwisho wa dawati, upande wa njia, ndiye anayepokea kwa niaba ya wenzake wawili. Nani anafuta ubao, na lini? Kengele ya kutoka, si ya kuingia. Mtoto akitaka kwenda msalani aseme nini, au ainue vidole vingapi ili usikatize sentensi? Mambo madogo haya ndiyo yanayokula kipindi.

Salamu nayo ni utaratibu mzuri tulioukuta. Mwalimu akiingia darasa linasimama, linaitika, linaketi. Mpaka kati ya mapumziko na somo umechorwa kwa sekunde chache. Unaharibika pale mwalimu anapotaka irudiwe mara tatu kwa sababu "hamkuitika vizuri." Hapo umetengeneza pengo kwa mikono yako.

Kwa wale wa Likoni na wanaovuka kuja kisiwani: feri itachelewa, na watoto watachelewa. Usisimamishe darasa kumhoji mtoto mlangoni mbele ya wenzake. Aingie kimya, akae nafasi ya nyuma, akute swali tayari ubaoni aanze kunakili. Utamuuliza wakati wa mapumziko, nyinyi wawili. Na hilo swali la ubaoni liandike kabla kengele haijalia, liwe jepesi, la kukumbushia somo la jana, na kila mtoto ajue kwamba ndilo la kuanza nalo hata kama mwalimu hajaingia.

Sasa kuhusu macho. Kounin aliona kwamba watoto wanapima kama mwalimu anajua kinachoendelea, na wanampima kwa makosa mawili: kumkemea asiyehusika, au kuingilia mchezo ukiwa umeshaenea dawati la nne. Kwa hiyo anayemkemea mtoto wa pili, yule aliyejibu kofi badala ya aliyelianza, anaonekana hana macho, hata akipaza sauti namna gani. Kuona kunahitaji miguu. Panga madawati ubakishe njia, hata ya mtu kupita kiubavu, hadi dirisha la nyuma. Ukiandika, simama ubavu, bega moja kwa ubao na jingine kwa watoto, na uandike vipande vifupi vifupi.

Kisha kuna ule ustadi wa kufanya mawili kwa pamoja. Mtazame makanga wa matatu ya Bamburi: mkono unapokea nauli, mdomo unaita abiria, jicho liko kwa mama anayetaka kushuka steji ya mbele, na gari halijasimama. Mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto mmoja huku akiinua macho kila sentensi, akisogea bila kuacha kusoma hadi kwenye dawati linalonong'ona, akaweka kidole kwenye ukurasa unaotakiwa na kuendelea, amemaliza kosa bila kipindi kukatika. Mwenzake wa darasa la jirani kwa kosa hilohilo hutoa hotuba ya dakika 5 kuhusu wazazi wanaohangaika na karo, na watoto hamsini na tisa wasio na hatia wanaisikiliza wakiwa hawana kazi. Kounin alilitaja hilo pia, kung'ang'ania jambo hadi kasi ya somo ife. Nikiambiwa nichague tabia moja ya kuiondoa shuleni, ningeiondoa hiyo hotuba.

Ya pili ingekuwa ile orodha. Kila aliyesoma shule ya Kenya anaijua: mwalimu anatoka, kiranja wa darasa, au monita, anasimama mbele na karatasi kuandika majina ya wapiga kelele. Ukikaa nyuma ya darasa utaona inavyofanya kazi. Rafiki za kiranja hawaandikwi. Aliyemnyima mabuyu wakati wa mapumziko ameandikwa mara mbili, na mbele ya jina pana alama ya kuzidisha. Wengine wanampigia kelele kiranja kwa sababu amewaandika, kelele ambayo isingekuwepo bila orodha. Mwalimu akirudi anaadhibu kwa ushahidi wa kusikia, na waliopunjwa wanajifunza kwamba haki ya darasa hili inanunuliwa. Pia kiranja mwenyewe hajasoma chochote kwa nusu saa. Ukilazimika kutoka, acha kazi yenye kiasi kinachojulikana, kwa mfano maswali 6, na ukirudi ukague kazi. Kiranja abaki na shughuli zenye faida: kukusanya madaftari, kumwita mwalimu wa jirani kukiwa na hatari.

Najua kuna msomaji anayesubiri nifike kwenye bakora. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010 ikaweka kinga dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikaongeza meno: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kinachosahaulika ni kwamba kifungu hicho kinagusa pia mateso ya kisaikolojia. "Wewe ni bure kabisa" haikuachwa nje ya sheria kwa sababu haikuacha alama mwilini. Tukiiweka sheria kando, nina sababu ya kikazi ya kutoitaka bakora: inafanya kazi pale tu ilipo. Darasa lililozoea fimbo hulipuka dakika fimbo inapotoka mlangoni, na huo ndio ugonjwa ambao orodha ya kiranja ilibuniwa kuutibu.

Hapa pwani kuna jambo jingine ambalo walimu wanaotoka bara huchukua muda kulishika. Mtoto akifedheheshwa mbele za watu, hasa kijana wa gredi ya nane au ya tisa, hana pa kurudi. Lazima ajibu, la sivyo wenzake watamcheka hadi mtaani. Ukitaka kumrekebisha, mpe mlango. Sogea karibu, punguza sauti: "Mwanangu, naja baada ya dakika mbili, nataka nikute swali la kwanza." Kisha ondoka. Hiyo ya kuondoka ndiyo sehemu ngumu, maana mwalimu hupenda kusimama hapo akitazama utiifu ukitendeka. Ukisimama, umegeuza ombi kuwa mashindano, na kijana yule ana watazamaji wengi kuliko wewe.

Maswali nayo hutengeneza mapengo, ingawa hayaonekani. Mwalimu akitaja jina kwanza, "Wewe wa dirishani, zao kuu la biashara ni lipi?", darasa lililobaki limepewa ruhusa ya kutofikiri. Uliza kwanza, nyamaza, halafu taja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa sayansi, aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa wastani wa sekunde 1 hivi. Waliposubiri sekunde 3 na zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kushiriki. Sekunde 3 za ukimya mbele ya watoto 60 huonekana ndefu sana, lakini hizo si pengo, kwa sababu kila kichwa kina kazi. Pengo ni ile "Mmeelewa?" inayojibiwa "Ndiyooo, mwalimu!" na darasa zima, pamoja na aliyelala.

Kuhusu sifa sina mengi. Taja ulichokiona: "Dawati hili wameanza bila kuambiwa" inafundisha utaratibu, "Hongera, mpigieni makofi" inafundisha kupiga makofi.

Na tusijifanye kwamba hali ya hewa haipo. Februari na Machi, chini ya mabati, feni likiwa limekufa, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana hakiwezi kuwa cha kunakili kurasa mbili. Weka hapo kazi ya mikono, mjadala wa wawili wawili, kusoma kwa zamu. Mwezi wa Ramadhani, wengi wa watoto wako wamesali tarawehe hadi usiku na kuamka daku; hesabu nzito ziende asubuhi, na anayesinzia saa saba usimchukulie mkaidi. Mtoto anayesinzia mwaka mzima ni habari nyingine. Huyo muulize faraghani alilala wapi, amekula nini, kisha umhusishe mwalimu wa ushauri na nasaha na mzazi. Vivyo hivyo kwa ngumi, wizi na vitu anavyovuta au kutafuna vya mtaani. Hayo hayatatuliwi kwa mbinu za kipindi, na mwalimu anayejaribu kuyabeba peke yake huishia kuchoka.

Kama unasoma haya katikati ya muhula na darasa limeshakutoroka, usitangaze sheria mpya kumi Jumatatu asubuhi. Mwombe mwenzako akae nyuma kipindi kimoja na saa ya mkononi, aandike kila mara watoto wanapobaki bila kazi: lini, kwa muda gani, ukifanya nini. Chagua pengo refu kuliko yote, aghalabu ni kugawa vitabu au mwanzo wa kipindi. Lifundishe hilo peke yake kwa wiki nzima, mpaka watoto walifanye bila kukutazama, kisha mwite mwenzako tena na saa yake.