Karata zinazokwama kwenye kivinjari: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mchezo mdogo wa kwenye kivinjari, kama karata au kupanga vito vya rangi, hauna haja na chipu ya michoro (sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini), kwa kuwa hauna magari yanayokimbizana wala milipuko. Zama za Flash, programu ya ziada iliyoendesha michezo ndani ya kivinjari, dhana hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, kwani kazi kubwa ya kuchora iliangukia prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Flash ilifikia ukomo wake tarehe 31 Desemba 2020, na michezo mingi ya aina hii sasa huandikwa kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti, ikichorwa kwa kanvasi (eneo la kuchorea ndani ya ukurasa) au kwa WebGL, njia ya kivinjari kuchora kwa kutumia chipu ya michoro, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa na Khronos Group, muungano wa kampuni unaoweka viwango vya michoro, mwaka 2011. Karata inayoteleza kutoka fungu moja hadi jingine huchorwa upya hadi mara 60 kwa sekunde, yaani kila mchoro una takriban milisekunde 16 tu za kukamilika, na kazi hiyo kivinjari hutaka kuikabidhi chipu ya michoro.

Wengine hutoa hoja kwamba chipu ni nzima kwa sababu video zinacheza vizuri. Hoja hiyo haithibitishi kitu, kwa kuwa sehemu ya chipu inayofungua video si ile inayochora mchezo, na prosesa peke yake mara nyingi huimudu video ya kawaida.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kukata tamaa nayo, kwa sababu mchezo wa vito uliganda kila vito vitatu vilipolingana na kupasuka. Alikuwa ameshauriwa kuongeza memori, akaongeza, na hali ikabaki vilevile. Nilipofungua orodha ya vifaa vya mashine, mahali pa kadi ya michoro palisomeka Microsoft Basic Display Adapter, maana yake aliyesakinisha Windows upya hakuweka draiva ya chipu yenyewe, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu hiyo ipasavyo, hivyo prosesa ilikuwa inachora kila kito. Tuliweka draiva ya mtengenezaji, tukawasha mashine upya, na vito vikaanza kudondoka bila kukwama. Inaniuma kuona watu wakitoa fedha kununua kipuri ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Ushauri wa kuzima uharakishaji wa michoro (kivinjari kuikabidhi chipu ya michoro kazi ya kuchora) katika mipangilio ya kivinjari nao umekuzwa kupita kiasi. Kuuzima ni kipimo kizuri: mistari na kumetameta kwa skrini vikitoweka, basi tatizo liko kwenye draiva au chipu. Lakini ukiuacha umezimwa, kazi yote hurudi kwa prosesa, feni huvuma, betri huisha upesi, na mchezo unaotegemea WebGL unaweza kuonyesha ubao mweusi au kukataa kabisa kufunguka.

Vilevile si kweli kwamba draiva mpya hutibu kila mashine. Zipo chipu ambazo watengenezaji wamekwisha kuacha kuzitolea draiva, na zipo zisizoweza kuendesha WebGL 2, toleo la pili lililojengwa juu ya kiwango cha michoro kiitwacho OpenGL ES 3.0, hata zikifanyiwa nini. Isitoshe, vivinjari huwa na orodha ya chipu na draiva zenye hitilafu zinazojulikana, na mashine iliyomo humo hunyimwa uharakishaji kwa makusudi. Hali hiyo husomeka kwa kuandika chrome://gpu katika Chrome au about:support katika Firefox, pale pa anwani.

Wapo wanaofundisha namna ya kulazimisha kivinjari kuipuuza orodha hiyo. Siwaungi mkono, kwa sababu draiva huingizwa humo baada ya kuonekana ikiangusha kivinjari au kuharibu michoro. Kwa mashine ya namna hiyo, inafaa zaidi kutafuta karata zilizochorwa kwa kanvasi ya kawaida, ambazo prosesa ya zamani huweza kuzibeba bila msaada wa chipu.