Bonasi ni nini hasa, na mbona inayeyuka haraka hivyo

Bonasi ni hela mwajiri anayokulipa juu ya mshahara, labda kampuni imepata faida, labda wewe umevuka malengo uliyowekewa, au mwaka umeisha tu na bosi kaamua. Haina uhakika kama mshahara. Mwaka huu ipo, mwakani unaweza usiione kabisa, na hata kama imetajwa kwenye mkataba soma masharti vizuri, mara nyingi kuna "endapo" imekaa hapo katikati.

Sasa ishu iko hapa. Elfu hamsini ya mshahara na elfu hamsini ya bonasi dukani zinanunua kitu kilekile ila kichwani hazifanani hata kidogo. Mchumi Mmarekani Richard Thaler, aliyepewa Nobel ya uchumi 2017, kaandika sana kuhusu hili: watu tunagawa hela kichwani kwa mafungu, hili la kodi ya nyumba, hili la ada, hili la starehe, na kila fungu lina sheria zake. Bonasi inaangukia fungu la zawadi. Ndo maana mtu anayehesabu nauli mwezi mzima anaweza kununua simu mpya kwa mchana mmoja wala asihisi kaguswa mfukoni, wakati ile ni hela ya kazi yake mwenyewe, imechelewa tu kulipwa.

Mimi ya kwanza niliitumia kabla haijaingia (usicheke). Barua ilisema mshahara wa mwezi mzima, nikakopa kwa rafiki nikabeba tivii, kuja kufungua slipu ya mshahara kodi imeshapita na kipande chake, maana sehemu nyingi bonasi inakatwa kodi kama kipato kingine chochote. Nikabaki na tivii na deni. Kwa hiyo panga na kilichoingia kwenye akaunti, achana na kilichoandikwa kwenye barua.

Na kama una deni la riba kubwa anza na hilo, tena bila mjadala. Chukua deni la 100,000 linalotozwa 3% kwa mwezi, riba inajumlishwa juu ya riba, usipoligusa mwaka mzima linafika kama 142,500. Akaunti ya akiba ya kukupa faida ya hivyo hakuna, kwa hiyo kuweka bonasi benki huku deni kama hilo linakula ni kujidanganya. Huna deni? Basi jazia akiba ya dharura, ile ya kukusukuma miezi mitatu hivi kazi ikikatika. Na kula kidogo, sio dhambi, ila kiasi ukipange kabla.

Kinachoumiza wengi ni kuibebesha bonasi vitu vya kila mwezi: kulipia malipo ya kwanza ya gari la mkopo, kuhamia nyumba kubwa. Bonasi inalipa mwezi wa kwanza, miezi kumi na moja inayobaki unalipa wewe.

Ya mwaka jana niliihamishia akaunti isiyo na kadi nikaiacha wiki mbili. Siku inaingia nilikuwa nimeandika vitu saba vya kununua, wiki mbili zilipoisha vimebaki viwili, na kimoja ni viatu.