Kuhama kabla ya mkataba kuisha: yanayosemwa na yalivyo

"Mimi nahama mwisho wa mwezi, mtajuana na mwenye nyumba." Niliambiwa hivyo Tabata, mwenzangu akifunga godoro kwa kamba ya manila. Aliamini kuhama ndiko kumaliza. Sivyo. Mkisaini wawili karatasi moja, Sheria ya Mikataba inamruhusu mwenye nyumba kumdai yeyote kati yenu kodi yote, isipokuwa mkataba useme vingine. Aliyelipa ndiye atamfuata mwenzake kudai fungu lake.

"Hatukuandikishana, kwa hiyo hakuna mkataba." Upo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata ukiwa wa mdomo.

"Nimelipa miezi sita, nikitoka wa pili nirudishiwe minne." Hii ndiyo inayogombanisha watu. Nyumba yetu ilikuwa 300,000 kwa mwezi, kila mmoja 150,000, kwa hiyo kila mtu alitanguliza 900,000. Mwenzangu alipopata kazi Dodoma, ilibaki miezi minne, yaani 600,000 yake. Mzee mwenye nyumba hakuwa nazo. Zilishageuka saruji huko Chanika. Wala si yeye aliyevunja makubaliano.

Ila kusema hela imepotea yote nako ni uongo. Tulitafuta mtu wa kuingia. Mwezi ukapita chumba kitupu, kisha akaja kijana, akamkabidhi mwenzangu 450,000, na mzee akakata jina la zamani kwenye mkataba, akaandika jipya, akasaini pembeni. Hasara ikawa 150,000.

Mstari ule wa kalamu ndio uliomtoa kwenye deni. Kuleta mtu bila mwenye nyumba kukubali hakukutoi. Naye mwenye nyumba hawezi kula mara mbili: sheria inamlipa hasara aliyoipata kweli, na miezi ambayo mpangaji mpya ameilipa si hasara tena.

Wengine hungoja mjumbe "aamue". Mjumbe anasuluhisha tu, na tangu 2021 hata Baraza la Kata limebaki na usuluhishi. Kesi inasikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa 150,000, mwenzangu hakutaka hata kusikia.

Halafu kuna wanaodhani dalali atarudisha chochote kwenye ule mwezi wake mmoja, kwa kuwa hukukaa muda wote. Mpigie, kama bado anapokea.