Kukaa miaka saba sio ndoa

Kuna hii stori ya Marekani haiishi, eti ukikaa na mtu miaka saba basi sheria inawahesabu wanandoa. Hapana jamani. Hakuna jimbo lenye hesabu ya miaka saba. Mengi hayatambui kabisa ndoa ya kuishi tu pamoja hata mzeeke humo. Pennsylvania ilifunga mlango kwa zilizoanza baada ya 1 Januari 2005, Alabama ikafunga 2017, ila zile za kabla ya hapo hazikufutwa.

Texas ni kati ya machache yanayoitambua, na sheria yao inataka vitu vitatu kwa pamoja: mmekubaliana kwamba mmeoana, mkaishi humo Texas kama wanandoa, na mkajitambulisha hivyo kwa watu. Yaani ile fomu ya kodi mliyojaza kama mume na mke inaweza kuletwa mahakamani. Miaka haijatajwa popote, kwa hiyo hata muda mfupi unaweza kutosha, na miaka ishirini ya uchumba haifui dafu. Mkitaka karatasi, mnasaini tamko kwa karani wa kaunti.

Wengi wanateleza kwenye kuachana, maana ikishakuwa ndoa ni ndoa kamili, talaka inatoka mahakamani, sio kubeba begi ukasepa.